Kikoa cha emoji: unachokiona ni picha, kinachosafiri ni xn--

Andika ☃.net kwenye kivinjari kisha ubonyeze kitufe cha kwenda. Hakuna seva yoyote ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba za anwani za kompyuta) itakayoulizwa habari za sanamu ya theluji. Swali linalotoka kwenye kifaa chako ni hili: xn--n3h.net iko wapi? Picha umeiona wewe peke yako. Mtandao umepokea herufi za kawaida tu.

Ukishalishika hilo, mafumbo mengi ya vikoa vya emoji yanajifungua yenyewe. Utaelewa vinawezekanaje ilhali wasajili wengi, yaani kampuni zinazouza vikoa, wanavikataa, na kwa nini kivinjari kimoja kinakuonyesha moyo huku kingine kikikuonyesha herufi zisizosomeka. Utaona pia kwa nini jina la aina hii linafaa sana kwenye bango na halifai kuwa anwani unayoitegemea kwa riziki.

Picha inavyogeuzwa kuwa herufi

Majina ya kompyuta kwenye intaneti hujengwa kwa alama 37: a hadi z, 0 hadi 9, na kistari. Kila kipande kati ya nukta na nukta hakizidi alama 63. Kanuni hiyo ni kongwe kuliko wavuti, na programu zinazoitegemea hazihesabiki, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja. Ilipofika wakati wa kuandika majina kwa Kiarabu, Kichina au Kihindi, wahandisi waliiacha kanuni kama ilivyo, wakabuni njia ya kuzipenyeza herufi hizo ndani ya alama zilezile 37. Njia hiyo inaitwa Punycode na ilichapishwa Machi 2003 katika waraka RFC 3492. Kipande kinachoanza na xn-- kinamwambia kila anayekisoma kwamba kilichofuata kimesimbwa.

Hesabu yenyewe inafuatika. Kila alama katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, ina namba. Sanamu ya theluji ni U+2603, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 9731. Punycode inaanza kwa kutoa 128, maana namba 0 hadi 127 ni za herufi za kawaida ambazo hazihitaji kusimbwa. Inabaki 9603. Namba hiyo huandikwa kwa hesabu yenye tarakimu za aina 36, ambapo a hadi z ni 0 hadi 25, na 0 hadi 9 ni 26 hadi 35, huku uzito wa kila nafasi ukibadilika kwa kanuni maalumu. Jibu ni n3h. Kidole gumba 👍 ni U+1F44D, yaani 128077. Toa 128, inabaki 127949, nayo inazaa yp8h. Ndiyo maana emoji za kale zenye namba ndogo hutoka na herufi tatu, na zilizoingia baadaye hutoka na nne.

Jina likichanganya herufi na emoji, herufi za kawaida hutangulia, kisha kistari, kisha maelekezo ya alama ipi iingizwe na mahali gani. Jina i❤.ws, kwa mfano, husafiri kama xn--i-7iq.ws. Kwa kuwa xn-- imeshakula nafasi nne kati ya 63, zinabaki 59, ambazo zinatosha emoji nyingi kuliko anazoweza kukumbuka mtu yeyote.

Kwa nini watu wanavitamani

Majina mafupi ya herufi yaliisha zamani. Emoji moja ni alama moja, na bado unaweza kuikuta ikiwa wazi chini ya kikoa cha nchi kinachokubali. Haina tahajia ya kukosea. Msomaji wa lugha yoyote anaitambua bila kutafsiriwa. Kwenye simu, ambako kibodi ya emoji iko umbali wa mguso mmoja, kuichagua ni rahisi kuliko kuandika neno refu. Na juu ya yote, inashangaza: mtu akiona 🍕 ikifuatwa na nukta na herufi mbili, huijaribu ili tu aone kama inafanya kazi kweli. Udadisi huo ndio mali halisi unayonunua. Mwaka 2015 Coca-Cola iliutumia huko Puerto Rico, ikaweka kwenye mabango yake anwani za nyuso zinazotabasamu chini ya .ws.

Wanaoruhusu na wanaokataza

Kanuni za kwanza za majina ya lugha mbalimbali, IDNA2003, ziliorodhesha yaliyokatazwa na kuachia mengi yaliyobaki, alama za picha zikiwemo. Kanuni zilizofuata, IDNA2008, zilizochapishwa Agosti 2010 katika RFC 5890 na zinazofuatia, ziligeuza utaratibu: kila kitu kimekatazwa ila kile kilichoruhusiwa, na kilichoruhusiwa ni herufi na tarakimu za lugha za watu. Emoji nyingi ziko katika fungu la Unicode liitwalo So, yaani alama nyinginezo, na fungu hilo lote limekatazwa. Hakuna aliyezionea emoji. Alama za ukoo wake wote zilitolewa nje pamoja.

ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, huwalazimisha kwa mikataba waendeshaji wa vikoa vya jumla kama .com, .org na vile vipya kufuata IDNA2008. Huko emoji haisajiliwi. Zipo chache za kale ambazo hazikufutwa: ♨.com, ♨.net na ☮.com zilisajiliwa 19 Aprili 2001, kabla hata Punycode haijachapishwa. Vikoa vya nchi, kwa upande mwingine, huendeshwa kwa sera za wenyewe, na baadhi viliamua kuruhusu: .ws ya Samoa, .la ya Laos, .to ya Tonga na .fm ya Mikronesia ni miongoni mwao. Kikoa cha juu (kipande cha mwisho cha jina, kama .com) ambacho chenyewe ni emoji hakipo, wala dalili za kupatikana hazionekani.

Mei 2017 kamati ya ICANN inayoshughulikia usalama na uthabiti, SSAC, ilitoa ushauri uitwao SAC095. Ilishauri ombi lolote la kikoa cha juu chenye emoji likataliwe, na ikawasihi wote wasisajili emoji katika kipande chochote cha jina. Waendeshaji wa vikoa vya nchi hawalazimiki kuutii. Lakini mnunuzi aelewe anachoingia: jina lake linasimama nje ya kanuni rasmi, na mwendeshaji anaweza kubadili sera. Jambo hili limewahi kuuma. Vikoa .tk, .ml, .ga, .cf na .gq viliwahi kuendeshwa na kampuni moja, Freenom, na emoji zilikuwa zinapita humo. Mwaka 2023 usajili mpya ulisimama, Gabon na Mali zikachukua vikoa vyao, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kuachana kabisa na biashara hiyo.

Inafanyaje kazi basi, kama kanuni rasmi inaikataza? Kwa sababu vivinjari havifuati IDNA2008 kwa ukali. Vinafuata waraka wa Unicode unaoitwa UTS 46, uliotungwa ili majina ya enzi ya 2003 yasife, na waraka huo unaziachia emoji zipite. Kwa hiyo mlango wote umesimama juu ya bawaba moja ya kuvumilia yaliyopita.

Mitego iliyo ndani ya emoji zenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa jicho linaona picha moja na kompyuta inaona namba tofauti.

Anza na moyo. ❤ ni U+2764, na kwa Punycode ni xn--qei. ♥, ule wa karata, ni U+2665, na ni xn--g6h. Kwenye skrini nyingi yote miwili ni mioyo myekundu inayofanana kama pacha, lakini kwa DNS ni majina mawili ambayo wenye nayo wanaweza kuwa hawajuani. Kuna na mioyo ya rangi ya machungwa, njano, kijani, bluu, zambarau, nyeusi, nyeupe na kahawia, kila mmoja na namba yake.

Mtego wa pili hauonekani kabisa. Kibodi ya simu ikituma moyo, mara nyingi huambatanisha alama U+FE0F, inayoiambia skrini ichore toleo la rangi badala ya toleo la mstari mweusi. Programu inayofuata UTS 46 huifuta alama hiyo kabla ya kusimba, na unapata xn--qei kama inavyotakiwa. Programu isiyoifuta hutoa mfuatano mwingine wa herufi, na huo haupo kwenye DNS. Mtumiaji ataambiwa tovuti haipo, nawe utakaa ukijaribu kwenye simu yako inayofanya kazi bila shida.

Emoji za kuungwa ni mbaya zaidi. Mwanaanga wa kike 👩‍🚀 ni mwanamke, kisha kiunganishi kisichoonekana U+200D, kisha roketi. Kiunganishi hicho kinaruhusiwa kwenye majina katika mazingira machache ya uandishi wa baadhi ya lugha, hasa za Bara Hindi. Baadhi ya programu hukifuta, na jina linageuka kuwa mwanamke na roketi vikiwa vimesimama mbalimbali; nyingine hulikataa jina lote. Familia, fani za watu na bendera ya upinde wa mvua ziko katika kundi hili. Usizinunue hata zikiwa bure.

Rangi za ngozi ni alama tano, U+1F3FB hadi U+1F3FF, zinazofuata emoji ya msingi. 👍 ni xn--yp8h, ilhali 👍🏽 ni xn--on8h5e. Kidole gumba kimoja kina sura sita na hivyo majina sita, na simu nyingi hukumbuka rangi aliyoichagua mwenyewe mara ya mwisho. Anayenunua kidole cha njano pekee anawapoteza wageni wote waliokwisha kuweka rangi yao. Emoji za vitu, vyakula na wanyama hazina tatizo hilo, na ni sababu nzuri ya kuzipendelea.

Kuna zile zinazoyeyuka. ™, ℹ na Ⓜ zimo kwenye orodha ya emoji, lakini UTS 46 huzigeuza kuwa tm, i na m. Ukiandika ℹ.ws kivinjari kinaenda i.ws, na hakuna xn-- popote. Bendera za nchi nazo ni herufi mbili maalumu zilizowekwa pamoja. Zinasimbika vizuri, ila Windows haina michoro ya bendera hizo, hivyo mgeni wa huko huona herufi mbili tu.

Na hata emoji rahisi haimilikiwi na anayeisajili. Mchoro ni wa kampuni iliyotengeneza simu. U+1F52B ilikuwa bastola ya kweli mpaka Apple ilipoichora upya mwaka 2016 kuwa ya maji ya kuchezea, na wengine wakafuata. Namba haikubadilika, anwani haikubadilika, maana ikageuka usiku mmoja.

Kinachoharibika nje ya kivinjari

Chrome huonyesha vikoa vya emoji kwa sura ya xn-- kwenye upau wa anwani. Safari huonyesha emoji yenyewe. Chrome ina sababu. Aprili 2017 ilionyeshwa hadharani kwamba xn--80ak6aa92e.com, jina lililoandikwa kwa herufi za Kikirili peke yake, lilionekana kwenye baadhi ya vivinjari kama apple.com bila tofauti ya macho. Tangu hapo vivinjari vimezidi kuwa vikali kuhusu nini kionyeshwe wazi. Kwa mwenye kikoa cha emoji maana yake ni kwamba uzuri wa jina hudumu mpaka mgeni anapobonyeza tu; baada ya hapo anatazama mfuatano wa herufi aliofundishwa kuuogopa.

Programu za ujumbe nazo hazitabiriki. Nyingine hutambua 🍕.ws kuwa kiungo, nyingine huiacha kama maandishi matupu, nyingine hukata emoji na kufanya kiungo cha kipande kilichobaki. Ukiweka https:// mbele, uwezekano wa kutambuliwa huongezeka, ingawa ufupi uliokuwa unaukimbilia umeshatoka.

Barua pepe ni bora kuachana nayo. Emoji baada ya alama ya @ inaweza kuandikwa kwa sura ya xn-- na seva za kawaida zikaipeleka. Emoji kabla ya @ inahitaji seva zote njiani ziwe na nyongeza ya SMTPUTF8, iliyofafanuliwa mwaka 2012 katika RFC 6531. Hata kwa ile ya kwanza, fomu nyingi za kujisajili zitakataa anwani yako.

Waandishi wa programu watakutana na mgongano wa kanuni za 2003 na za 2008 hata ndani ya lugha moja ya programu. Katika Python, kisimbaji cha idna kilichomo ndani ya lugha kinafuata kanuni za 2003, na kinaigeuza 💩.la kuwa xn--ls8h.la bila kulalamika. Maktaba ya nje yenye jina hilohilo, idna, inafuata 2008 na hutoa kosa kwamba alama hairuhusiwi. Maktaba ya requests huitegemea hiyo ya pili, kwa hiyo nayo huikataa anwani yenye emoji, lakini ukiipa sura ya xn-- inapita, maana haioni cha kusimba.

Halafu kuna kusema kwa mdomo. Jaribu kumtajia mtu kwa simu anwani ya uso unaocheka kwa machozi, si ule uliopinda upande.

Kukiweka kikoa kazini

Ukiamua, chagua kwanza emoji ya alama moja: isiyo na rangi ya ngozi, isiyounganishwa, isiyo na pacha. Igeuze kuwa Punycode kwa zana mbili tofauti, kisha chukua matokeo na uyageuze kurudi. Matokeo yakitofautiana, kuna U+FE0F au U+200D iliyojificha. Nakili emoji upya bila hiyo. Kwenye sanduku la msajili tafuta kwa sura ya xn--, kwa sababu sanduku lenyewe mara nyingi halipokei emoji hata pale mwendeshaji wa kikoa anapoiruhusu.

Rekodi za DNS zinazoelekeza jina kwenye seva yako, yaani A, AAAA au CNAME, ziandikwe zote kwa xn--. Vivyo hivyo jina kwenye usanidi wa seva, iwe server_name ya nginx au ServerName ya Apache. Kivinjari hutuma sura hiyo, na seva iliyoandikiwa emoji haitapata kinacholingana, itampa mgeni tovuti ya chaguo-msingi. Cheti cha TLS, kinachowezesha https, nacho huombwa kwa xn--, na kiombwe kabla ya kuchapa bango lolote, si baada.

Kisha uelekeze wageni wote kwa 301, jibu la seva kwamba anwani imehamia kwingine, hadi kwenye kikoa chako cha herufi za kawaida, na maudhui yakae huko. Mgeni atashuhudia mzaha wa emoji, atatua kwenye anwani inayosomeka, atainakili hiyo na kuwatumia wengine hiyo. Siku sera ya nchi ikibadilika, unapoteza njia ya mkato, na tovuti inabaki. Jaribu kwenye iPhone, kwenye Android na kwenye Windows, ukiandika kwa kibodi ya kifaa chenyewe bila kunakili. Kwenye Windows kibodi ya emoji hufunguka kwa kitufe cha Windows pamoja na nukta. Kwenye Mac ni Control, Command na upau wa nafasi. Chini ya kila emoji iliyochapwa kwenye karatasi weka anwani ya kawaida au msimbo wa QR.

Ipo njia ya bei nafuu zaidi. Kama una kikoa chochote, hata cha .com, vipande vilivyo kushoto kwake ni vyako: unaweza kuweka xn--yp8h.example.com kwenye DNS yako bila kumwomba mtu ruhusa, na 👍.example.com ikafunguka. SSAC haipendi hilo pia, lakini hakuna msajili anayeweza kukunyang'anya. Nyepesi kuliko zote ni kuiweka emoji baada ya mkwaju, kama example.com/👍. Hapo DNS na Punycode havihusiki kabisa. Kivinjari hutuma baiti nne za UTF-8 zikiwa %F0%9F%91%8D, na seva yako inazilinganisha. Huduma ya y.at ilijengwa juu ya wazo hilo la kuweka emoji baada ya mkwaju. Unapoteza ufupi, unapata utulivu.

Jambo la mwisho ni la karani. Ankara ya kulipia kikoa kwa mwaka mwingine huja ikiwa na jina xn--yp8h na herufi mbili za nchi, na barua ya ukumbusho hivyohivyo. Mtu wa hesabu asiyejua lolote huiona kama ulaghai au kosa la kompyuta, akaifuta. Andika sura hiyo ya xn-- kwenye orodha ya mali za kampuni, kando yake uchore emoji, na tarehe ya malipo iwe imezungushiwa duara.